Baiskeli ya zamani ya mlimani: nataka kuiwekea magurudumu makubwa na usukani wa resi, itawezekana?

Mwendo_Mrefu (mwanzisha mada)

Wakuu habari zenu. Nina baiskeli ya mlimani ya zamani, nilipewa na kaka yangu alipoacha kuendesha. Fremu ni chuma kabisa, si aluminiamu, mbele haina shokapu, foku yake ni chuma kitupu. Matairi ni 26 x 2.1 yale ya meno makubwa, breki ni zile za mikono miwili inayotokeza nje halafu waya unafanya pembetatu katikati, nyuma gia saba, mbele sproketi tatu, na swichi za gia ni zile za kusukuma na dole gumba zinazokaa juu ya usukani. Fremu bado nzima, nimetoa kiti nikachungulia ndani ya bomba hakuna kutu ya kutisha, na kwa kweli naipenda, umbali mrefu wa kwanza maishani mwangu nimeupiga juu yake.

Sasa shida ni kwamba siku hizi siendi tena porini, napita lami karibu safari nzima na kipande kidogo cha vumbi, kilomita 15 kwenda na 15 kurudi, na kwenye lami ile meno ya tairi yanaunguruma tu na naona kabisa nguvu zangu zinaliwa bure, halafu mikono inashika sehemu ileile mwanzo mpaka mwisho, nikifika viganja vimekufa ganzi.

Rafiki yangu ana magurudumu mawili ya 700C aliyoyatoa kwenye baiskeli ya resi iliyopasuka fremu, pamoja na usukani wake ule wa pembe zilizojikunja chini na mikono yake ya breki, ananipa vyote. Nikaona hapa ndo pa kuitengeneza upya hii baiskeli, magurudumu makubwa kasi iongezeke, usukani wa resi nipate sehemu nyingi za kushika.

Je yataingia? Breki zitakuwaje? Na kama kuna mtu ameshafanya naomba anieleze alichokutana nacho, nataka kujua kabla sijafungua hata nati moja.

---

Spoku36

Karibu mkuu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kufungua. Mi nafunga magurudumu miaka mingi, hili swali linarudi kila mara na jibu lake linaanzia kwenye rimu, tairi linafuata baadaye.

Sahau kwanza majina ya inchi maana yanachanganya watu. Angalia ubavuni mwa tairi kuna namba ndogo imeandikwa kama 54-559. Hiyo 54 ni upana wa tairi kwa milimita, na 559 ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia. Baiskeli za mlimani za zamani zote za 26 ni 559. Hizo za rafiki yako za 700C ni 622, na hata zile zinazoitwa 29 ni hiyohiyo 622, jina tu limebadilika. Katikati kuna 584 ambayo wengine wanaiita 650B wengine 27.5. Na ukikuta tairi limeandikwa 26 x 1 3/8 usifikiri ni ndugu wa la kwako, lile ni 590 na halitakaa kwenye rimu yako hata uombe.

Sasa piga hesabu. 622 toa 559 unapata 63, gawa kwa mbili ni 31.5. Maana yake ukingo wa rimu mpya utakuwa juu kwa milimita 31 na nusu kuliko raba zako za breki zinapogusa sasa hivi. Zile raba zinapanda na kushuka kidogo tu kwenye mkono wa breki ulio pale kwenye rimu, huwezi kupata sentimita tatu pale. Vile vigingi ambavyo breki imefungiwa vimechomelewa kwenye fremu na kwenye foku, havihami. Kwa hiyo hata gurudumu likiingia vizuri kabisa, litaingia halina breki.

Hilo ndo tatizo la kwanza na ndo kubwa kuliko yote. Ukiwa na disk breki halikuhusu, maana pale breki haijui rimu ni saizi gani, ila fremu ya umri huo sidhani kama ina pa kufunga disk. Shimano walileta breki za V mwaka 1996, na wewe bado uko kwenye kantiliva, yaani hizo ulizoeleza za mikono miwili na waya wa pembetatu, kwa hiyo baiskeli yako huenda ni ya kabla ya hapo.

La pili ni habu, kile kitovu cha gurudumu ekseli inamopita. Habu ya nyuma ya resi ya miaka ya karibuni ina upana wa milimita 130, za zamani zaidi 126, na fremu ya mlimani mara nyingi ni 135. Usije ukaibana fremu kwa kukaza nati mpaka vyuma vikutane na habu. Inawezekana kubadilisha ekseli ukaweka ndefu na washa za milimita 2 na nusu kila upande, gurudumu linabaki katikati bila kugusa spoku, hiyo ni kazi ya nusu saa. Mbele haina shida, kote ni 100.

La tatu ni nafasi. Naomba upime haya uniletee: toka katikati ya ekseli ya nyuma mpaka kile kidaraja kinachounganisha vyuma viwili pale juu chini ya breki, halafu toka ekseli hiyohiyo mpaka kidaraja cha chini karibu na pedeli. Mbele pima toka ekseli mpaka chini ya taji la foku, pale miguu yake miwili inapoungana juu. Kwa milimita, si kwa kukadiria na vidole.

---

Upepo_wa_Mbele

Mwenzangu hapo juu kamaliza habari ya magurudumu, ngoja niseme ya usukani maana nimeshahangaika nao kwa baiskeli mbili.

Wazo lenyewe si geni wala baya. John Tomac, yule Mmarekani, mwaka 1990 alikuwa anashindana mashindano ya mlimani kwenye mashimo na mawe na usukani wake ni wa resi. Kwa hiyo usimsikilize atakayekwambia haiwezekani. Inawezekana, ila kila kitu kilichofungwa kwenye usukani wako wa sasa hakitaingia kwenye ule mpya, na hapo ndo watu wanashtuka katikati ya kazi.

Bomba la usukani wa mlimani pale unaposhika lina unene wa milimita 22.2. La usukani wa resi ni 23.8. Ni kama milimita moja na nusu tu, lakini inatosha kufanya mikono yako ya breki na swichi zako za gia zisipite. Watu wanajaribu kupanua ile klampu na bisibisi mpaka inapasuka, usifanye hivyo. Halafu katikati pale shingo (kile chuma kinachounganisha usukani na foku) inapobana usukani nako ni vilevile, wako utakuwa 25.4 na wa rafiki yako kama ni wa zamani unaweza kuwa 26.0, na wa kisasa 31.8. Ule 26.0 ukiulazimisha kwenye shingo ya 25.4 utaingia kwa shida na shingo itakuwa inafunguka pole pole bila wewe kujua. Pima na kalipa, usiangalie kwa macho.

Habari njema ni moja. Wewe una kantiliva na mikono ya breki ya resi inavuta waya kidogo, sawasawa na kantiliva inavyotaka. Ungekuwa na breki za V ungeumia, zile zina mikono mirefu na zinataka waya uvutwe karibu mara mbili, ukizifunga na mkono wa resi wa kawaida unabana mpaka mkono unagusa usukani na baiskeli bado inatembea. Kuna mikono ya resi iliyotengenezwa kwa ajili ya breki za V, Tektro wanayo inaitwa RL520, ila kwako haihitajiki. Kichwa cha waya ndo angalia, wa mlimani una kichwa cha pipa dogo na wa resi una kichwa kama peasi, haviingiliani.

Kitu kingine ambacho hakuna mtu alinitajia mimi na kilinilaza kazi siku mbili: baiskeli nyingi za umri wa yako waya wa breki ya mbele unapita kwenye shingo yenyewe ya usukani, kuna tundu au kagurudumu kadogo. Ukibadilisha shingo umepoteza kishikio cha waya, na kantiliva bila kishikio cha kuzuia ala ya waya (lile ganda la nje ambalo waya unapita ndani yake) pale juu haifanyi kazi kabisa. Utahitaji kishikio kinachokaa kwenye beringi za shingo. Kitafute mapema.

Gia nazo zina njia yake. Kuna swichi zinazoingia kwenye ncha za usukani wa resi, nazo zinafanya kazi vizuri na deraila (kile kifaa kinachohamisha cheni) ya mlimani ya gia saba, hasa zile zisizo na mlio, unavuta tu mpaka cheni inakaa. Deraila ya mbele ya mlimani haipendi swichi ya resi yenye mlio, lakini ukitumia isiyo na mlio haina neno.

Mi ninachokiogopa kwako si vyuma, ni mwili wako. Fremu ya mlimani ina bomba la juu refu kuliko ya resi, kwa sababu ilitengenezwa kwa usukani ulionyooka. Usukani wa resi unasogeza mikono mbele, pale juu kwenye mikono ya breki unakuwa umeongeza kama sentimita 10 hivi toka shingo inapobana. Shingo yako ina urefu gani? Za miaka ile zilikuwa 120, 130, mpaka 150. Ukiweka usukani wa resi kwenye shingo ya 130 kwenye fremu ya mlimani utakuwa umelala kama unaogelea, na ganzi ya viganja itazidi, haitapungua.

---

Njia_Panda

Niko tofauti kidogo na waliotangulia. Mi nimefanya. Fremu yangu ilikuwa ya mlimani ya 26 lakini ya baadaye kidogo, aluminiamu yenye disk breki, nikaweka magurudumu ya 622 na tairi za 38 mbele, 32 nyuma kwa sababu nyuma palibana. Nimeendesha mwaka wa tatu huu na sitarudi. Kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo madogo gurudumu kubwa linapita juu ya vitu ambavyo la 26 lilikuwa linavigonga, unahisi tofauti toka siku ya kwanza, siyo maneno ya wauzaji.

Ila niseme ukweli na hasara zake. Baiskeli nzima imepanda. Nilipolinganisha na tairi zangu za mwanzo zilizokuwa nyembamba, pedeli zimeenda juu karibu sentimita mbili, kwa hiyo nikisimama kwenye taa miguu haifiki chini kama zamani mpaka nishuke kwenye kiti. Na ncha ya kiatu inagusa gurudumu la mbele nikikata kona kali polepole, ilinipata mara ya kwanza nikiwa nageuza kwenye njia nyembamba, nikayumba vibaya. Sasa nimeshazoea, ila mwenye mguu mkubwa na fremu ndogo afikirie mara mbili.

Kama fremu yako haina disk basi uwezekano ni kubadili foku ya mbele tu uweke yenye disk, nyuma ubaki na 26. Kuna watu wanaendesha hivyo, kubwa mbele ndogo nyuma.

---

Spoku36

@Njia_Panda kwako disk ndo imekuokoa, na nafurahi imekukalia vizuri. Kubwa mbele ndogo nyuma kwa fremu hii ya mwenzetu sishauri. Mbele ikipanda, kichwa cha fremu kinalala nyuma, kiti kinaegemea nyuma, na foku za disk nyingi ni ndefu kuliko foku ile ya zamani kwa hiyo inapanda mara mbili. Usukani unakuwa mzito kona za polepole, unaanza kuanguka wenyewe upande. Kwa umbali wa kilomita 30 kwa siku si kitu cha kuishi nacho.

Na naomba niseme mapema kabla hajatokea wa kushauri: usipeleke fremu kwa mchomeleaji wa mageti akuhamishie vigingi vya breki. Mabomba ya fremu ni membamba sana, kuna sehemu hayafiki hata milimita moja. Mtengenezaji wa fremu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa shaba na moto mdogo, baada ya hapo rangi lazima ipigwe upya. Mchomeleaji wa kawaida atatoboa au ataacha pale pakiwa pagumu na pakavu, halafu patakatika siku umebana breki kwenye mteremko, ndo siku ambayo breki inavutwa kwa nguvu zote.

---

Mwendo_Mrefu

Asanteni sana wakuu, nimejifunza kwa siku moja kuliko mwaka mzima wa kubahatisha. Nimepima leo asubuhi, nimepima mara mbili kila sehemu.

Nyuma: ekseli mpaka kidaraja cha juu 352, mpaka kidaraja cha chini 348. Upana kati ya vyuma vya chini pale tairi linapopita sasa ni 61, lakini nikisogea mbele kidogo kuelekea pedeli panabana mpaka 50. Mbele toka ekseli mpaka chini ya taji 374. Shingo ni 130 kama ulivyosema @Upepo_wa_Mbele, na waya wa mbele kweli unapita kwenye tundu la shingo, sikuwahi kulijali hilo tundu maisha yangu yote.

Magurudumu ya rafiki yana tairi za 28 na habu ya nyuma ni 130.

---

Spoku36

Safi, sasa tuna kitu cha kuongelea.

Nusu ya 622 ni 311. Ongeza tairi la 28 unapata 339 toka ekseli mpaka juu ya tairi. Una 348. Zimebaki 9. Ukiweka 32 inakuwa 343, zimebaki 5, kokoto moja ikinasa hapo imekwangua fremu mpaka chuma. Kwa hiyo nyuma mwisho wako ni 28, mbele ungeweza kwenda mpaka 40 bila wasiwasi kwa nafasi, ingawa rimu za resi za zamani ni nyembamba na tairi la 40 juu yake litakuwa linayumba kama puto.

Lakini hapa ndo nataka uangalie kwa makini maana ndo msingi wa swali lako. Tairi lako la sasa, 559 jumlisha milimita 53 juu na 53 chini, ni 665 kipenyo cha nje. Hilo la 700 x 28 ni 622 jumlisha 56, ni 678. Tofauti ni milimita 13. Yaani baiskeli itainuka milimita 6 na nusu tu. Kwa mzunguko mmoja wa gurudumu utakuwa umeenda mita 2.13 badala ya 2.09. Hayo ndo "magurudumu makubwa" yote unayoyataka, asilimia mbili. Ukihama jino moja la sproketi ya nyuma unapata zaidi ya hapo.

Kinachofanya baiskeli ya resi ikupite barabarani ni tairi lake halina meno na mpandaji ameinama upepo haumpigi kifua. Ile rimu kubwa mchango wake ni mdogo sana. Jicho linaona rimu kubwa yenye tairi jembamba, linafikiri gurudumu ni kubwa, kumbe la kwako rimu ndogo tairi nene, ukipima kwa nje yanakaribia kulingana.

Ile 584 nayo niliifikiria kwa ajili yako, pale raba za breki zinatakiwa kupanda milimita 12 na nusu tu na kuna mikono ya breki ya pale kwenye rimu yenye mfereji mrefu inayofika. Lakini 584 na tairi la 42 ni 668 kwa nje. Umerudi palepale ulipoanzia, tena umeshanunua rimu, spoku na kazi ya kufunga.

---

Tairi_Laini

Nimesoma kimya kimya ila hapo Spoku36 kasema nilichotaka kusema. Tafuta tairi za 26 zisizo na meno, za upana kati ya 1.5 na 2.0. Zipo mpaka leo, maana baiskeli za 26 zilitengenezwa nyingi mno. Mimi nilibadilisha tu tairi, sikugusa kitu kingine, na ule mngurumo uliisha siku hiyohiyo. Baiskeli ikawa kimya mpaka nikaanza kusikia cheni inalia nikagundua haikuwa na mafuta.

Jambo moja watu wanakosea ni kwenda jembamba sana wakidhani ndo kasi. Usijaze 1.25 kwa upepo wa kupasua eti ufanane na resi, kwenye lami yenye viraka tairi gumu linaruka ruka na kila kuruka ni nguvu yako inapotea. Chukua kama 1.75, ubavu wake uwe mlaini, ujaze kiasi kwamba ukilibonyeza kwa dole gumba linakubali kidogo. Na kipande chako cha vumbi litapita vizuri tu.

Angalia pia tyubu. Ya 2.1 kwenye tairi la 1.75 kawaida inakubali, chini ya hapo itajikunja ndani na itakuja kutoboka kwenye ule mkunjo. Soma kwenye boksi la tyubu imeandikwa toka upana gani mpaka gani.

Na pedeli zitashuka kama milimita 9 kwa sababu tairi ni fupi, kwa hiyo kona kali usipige pedeli ya ndani ikiwa chini. Fremu za mlimani pedeli zipo juu kuanzia mwanzo kwa hiyo bado uko salama.

---

Mwendo_Mrefu

Kwa kweli hesabu ya 665 na 678 imenikalia kichwani tangu jana. Nimeenda kwa rafiki yangu tukayasimamisha magurudumu mawili pamoja ukutani, lake na langu, na kweli tofauti ni unene wa kidole. Nilikuwa nimeliangalia lile gurudumu miezi mingi nikiamini ni kubwa kupita la kwangu. Nimemwambia magurudumu nayaacha.

Ila usukani bado naona moyo unautaka. Viganja ndo shida yangu kubwa kuliko kasi. @Upepo_wa_Mbele unanishauri nini, nipunguze shingo niweke ule wa resi au?

---

Upepo_wa_Mbele

Usinunue chochote kwanza, fanya jaribio. Weka baiskeli kwenye ukuta au mtu aishike gurudumu la nyuma likiwa limebanwa, isitembee. Chukua vipande viwili vya mti au bomba vya urefu wa kama sentimita 20, vifunge kwa kamba au mpira wa tyubu kwenye usukani wako karibu na shingo kila upande, vitokeze mbele sentimita 10. Hapo ndo mikono ya breki ya resi itakapokuwa. Panda, shika zile ncha, kaa dakika kumi kamili kwa saa huku unapiga pedeli kurudi nyuma. Sikiliza shingo ya mwili wako, mabega na kiuno. Mwili utakujibu wenyewe.

Ukikaa vizuri, basi tafuta shingo fupi ya 60 au 50 na yenye kupanda juu. Na shingo yako kwa kuwa ni ya kutumbukia ndani ya foku, kuna mstari umechorwa wa mwisho wa kuvuta juu, usiuvuke hata kwa milimita, chini ya hapo ndo chuma kinachokushikilia.

Ukishindwa kukaa, kuna usukani mwingine watu wanausahau, ule uliopinda kurudi nyuma kama wa baiskeli za zamani za mizigo, viganja vinakaa vimetazamana kama umebeba ndoo mbili. Bomba lake mara nyingi ni 22.2, kwa hiyo mikono yako ya breki na swichi zako za dole gumba zinahamia bila kubadilisha kitu. Na hapo ile shingo yako ndefu ya 130 inakuwa faida, maana usukani unarudi nyuma na shingo inaupeleka mbele, unaishia katikati. Kishikio cha waya kwenye shingo kinabaki palepale. Upo pia ule wa kuzunguka kama namba nane iliyolala, nao ni 22.2, una sehemu nne tano za kushika, wasafiri wa mbali wanaupenda sana.

---

Mwendo_Mrefu

Nimefanya jaribio la vipande vya bomba. Dakika ya nne mabega yalianza kuvuta, ya saba nikaacha, kiuno kilikataa kabisa. Halafu nikajaribu kushika hewani mikono ikiwa imetazamana kando ya mapaja kama ulivyosema ndoo mbili, na mara moja nikahisi viganja vimetulia, ule uzito pale chini ya kidole kidogo haukuwepo.

Kwa hiyo nimeamua: usukani uliopinda nyuma, tairi za 1.75 bila meno, shingo, breki na gia zangu zinabaki. Usukani nimeupata, nimepima 25.4 katikati na 22.2 pembeni. Shida niliyoiona ni kwamba nikizungusha usukani mpaka mwisho waya wa breki ya nyuma unavutika, ala yake haitoshi. Ninunue ala mpya au niunganishe?

---

Upepo_wa_Mbele

Nunua mpya, ala na waya, breki zote mbili na gia zote mbili, usiunganishe. Ala kuukuu ndani ina kutu na utakuwa umefunga usukani mpya kwenye breki nzito. Kata ala kwa kikata waya chenye makali, mdomo wa ala ukibonyea ufungue kwa msumari kisha upige tupa uwe bapa. Kabla hujakata, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, acha ala ikunje vizuri pande zote ndo uweke alama.

---

Spoku36

Na ukishafunga kaza shingo, simama mbele ya baiskeli, banisha gurudumu la mbele katikati ya magoti yako, jaribu kuuzungusha usukani kwa nguvu. Ukizunguka, kaza tena. Halafu angalia raba za breki zinagusa rimu tupu, zisiguse tairi maana zitalikata, wala zisiteleze chini ya rimu kuelekea spoku. Endesha polepole uwanjani ukibana na kuachia kama mara ishirini kabla ya kuipeleka barabarani, waya mpya huwa unalegea siku za kwanza, utaukaza tena baada ya safari mbili tatu.

---

Mwendo_Mrefu

Sawa mkuu. Waya nimeshanunua zote nne, nafungua Jumamosi asubuhi.